Sampuli na Mgonjwa Angani: Sheria ya Usafiri wa Ndege Inavyoigusa Biharamulo na Ngara

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa mtu mmoja amethibitika kuambukizwa virusi vya Marburg wilayani Biharamulo. Kipimo cha awali kilifanyika katika maabara inayohamishika ya Kabaile, mkoani Kagera, na majibu yakathibitishwa Dar es Salaam. Mlipuko huo ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025, wagonjwa wawili walikuwa wamethibitishwa na wanane wakihesabiwa kuwa huenda waliugua. Wote kumi walifariki.

Kutoka Biharamulo hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka. Sampuli inayopelekwa umbali huo kwa ndege huingia chini ya sheria mbili kwa pamoja: ile ya afya na ile ya anga.

Msimamizi wa sheria ya anga nchini ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kazi zake ni kusimamia usalama na uchumi wa usafiri wa anga, na kutoa huduma za kuongoza ndege. Yeye haendeshi viwanja vikuu vya ndege vya Serikali. Hiyo ni kazi ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Kanuni zake hufuata viwango vya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao Ibara yake ya 14 inazitaka nchi kuzuia usafiri wa anga usieneze maradhi, yakiwamo kipindupindu, tauni, ndui na homa ya manjano. Afya, basi, imo ndani ya sheria ya anga tangu mwanzo.

Kwa mujibu wa kanuni hizo, sampuli yenye virusi vya Marburg ni bidhaa hatarishi ya kundi A, namba UN 2814. Hufungwa kwa tabaka tatu: chombo cha ndani kisichovuja, chombo cha pili kisichovuja kikiwa na vitu vya kufyonza vinavyotosha kunywa kimiminika chote, na kasha gumu la nje. Chombo cha ndani au cha pili sharti kihimili mgandamizo wa kilopaskali 95, kwa kuwa hewa hupungua uzito kadiri ndege inavyopanda, na kifuniko dhaifu huweza kufyatuka. Mtumaji husaini tamko, naye awe amepata mafunzo yanayorudiwa kila baada ya miaka miwili. Sampuli hiyo haibebwi kwenye mkoba wa abiria wala mfukoni, hata kama mbebaji ni daktari. Tone moja likivuja, wanaohatarishwa ni mpakiaji wa mizigo, wahudumu na abiria wasiojua kilichomo.

Sheria hiyo inamgusa pia mgonjwa. Ndege ya abiria ikiwa juu sana, hewa ya ndani hulingana na ile ya mlima wenye urefu wa hadi mita 2,400. Mtu mzima wa afya huvumilia. Lakini mwenye upungufu mkubwa wa damu, ugonjwa mkali wa mapafu au selimundu anaweza kuishiwa oksijeni. Hewa iliyonaswa mwilini nayo hutanuka kwa karibu theluthi moja. Kwa hiyo mwenye hewa iliyojikusanya kifuani nje ya pafu hapaswi kusafiri kabla ya kutibiwa. Mtungi wa oksijeni nao ni bidhaa hatarishi: hauingii ndegeni bila idhini ya shirika la ndege.

Kwa sababu hiyo, daktari wa Murgwanza wilayani Ngara anayempa mgonjwa rufaa ya kwenda Muhimbili kwa ndege hafai kuishia kwenye barua ya rufaa. Aeleze kwa maandishi kiwango cha oksijeni, wingi wa damu, upasuaji wa karibuni na umri wa mimba, na shirika la ndege lipewe taarifa kabla ya siku ya safari. Mgonjwa naye asifiche hali yake kwa hofu ya kukataliwa. Akizidiwa angani, msaada wa hospitali uko mbali.

Hata rubani ni mgonjwa mtarajiwa mbele ya sheria. Rubani wa ndege za biashara hupimwa na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka, kwa kawaida kila baada ya miezi 12, na kila miezi sita akishavuka umri wa miaka 60.

Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, na mwaka 1994 ilipokea wakimbizi wapatao 250,000 kupitia Rusumo ndani ya siku moja. Mahali penye mwingiliano kama huo, ugonjwa haungoji kibali. Wakati wa mlipuko wa Biharamulo, Shirika la Afya Duniani halikushauri kufungwa kwa safari. Safari zisipofungwa, kinga hubaki mikononi mwa wanaozifuata kanuni, akiwamo mtaalamu wa maabara anayekaza kifuniko cha kwanza.