Ulichosoma Kwenye Simu, Umekiweka Wapi?

Hebu tuanze na swali. Likizo iliyopita ulisoma nini kuhusu afya kwenye intaneti? Pengine malaria, hedhi au chunusi. Je, ukiambiwa leo uuonyeshe ukurasa ule, utaupata?

Wengi hawaupati. Shule nyingi haziruhusu simu, kwa hiyo mwanafunzi husoma wakati wa likizo, tena kwa simu ya mama au ya kaka. Bando likiisha, au mwenye simu akiitaka, basi, kusoma kumeishia hapo. Unabaki na kumbukumbu ya nusunusu. Na kwenye mambo ya afya, nusunusu ni hatari.

Chukua mfano wa malaria, ugonjwa ambao kijana wa Handeni au Korogwe hahitaji kusimuliwa. Mdogo wako amepata homa usiku. Unakumbuka kwamba uliwahi kusoma jina la dawa. Sawa, lakini ukurasa ule uliandikwa lini?

Hadi mwaka 2001, dawa ya kwanza ya kutibu malaria isiyo kali hapa Tanzania ilikuwa klorokwini. Vimelea viliizoea, ikaachwa, ikaja SP. Nayo vikaizoea. Kuanzia mwaka 2006 ikachaguliwa dawa mseto, yaani ALu. SP bado ipo, lakini hupewa akina mama wajawazito kliniki ili kuwakinga. Siyo ya kutibu homa ya mdogo wako. Intaneti haifuti ya zamani kila yanapokuja mapya. Unaweza kukutana na majina yote matatu kwa siku moja.

Angalia pia chanjo ya malaria. Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo 11 barani Afrika vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya RTS,S, kati ya mwaka 2009 na 2014. Watoto wa huko walishiriki. Ukurasa wa mwaka 2012 utakuambia chanjo bado inajaribiwa. Ukurasa wa mwaka 2022 utakuambia Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishapendekeza, Oktoba 2021, itumike kwa watoto wanaoishi kwenye malaria nyingi. Kurasa mbili zinapingana, na zote ni za kweli! Tofauti yake ni tarehe tu.

Kwa hiyo kuhifadhi siyo kupiga picha ya skrini na kuiacha ipotelee katikati ya picha za harusi. Fanya hivi:

1. Tenga daftari dogo la afya. Kila unaposoma, andika mambo manne: ukurasa unasema nini (kwa maneno yako mwenyewe), nani ameuandika, uliandikwa lini, na wewe umeusoma lini. Daftari halihitaji chaji wala bando, na bwenini linaruhusiwa.

2. Kama simu ipo, hifadhi ukurasa mzima ili uusome hata bila mtandao. Kwenye Chrome, bonyeza nukta tatu pembeni juu, kisha mshale wa kupakua. Kuhifadhi kiungo peke yake hakutoshi. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikasuasua Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, mwenye kiungo tu hana kitu cha kusoma.

3. Ulichohifadhi kipe jina linaloeleweka, kwa mfano "Chanjo ya malaria, WHO, 2021". Kama mwandishi au tarehe haionekani, andika "haijulikani", na usikitegemee mpaka umeuliza.

4. Kila likizo pitia ulivyonavyo. Kilichopitwa na wakati kipige mstari, andika kipya chini yake.

Na siri yako je? Kusoma kuhusu hedhi, VVU au uzazi wa mpango siyo aibu hata kidogo. Lakini ni mambo yako, na simu ya kuazima ina macho mengi. Ukishanakili unachotaka, futa ulichopakua kabla ya kuirudisha. Ukiwa kwenye intaneti kafe, toka kwenye akaunti yako kabla hujanyanyuka kwenye kiti. Na daftarini usiandike ugonjwa wa mtu mwingine.

Sasa turudi kwa mdogo wako mwenye homa. Hata ukurasa wenye tarehe nzuri siyo daktari. Siyo kila homa ni malaria, kwa hiyo usikimbilie duka la dawa na jina ulilolikariri. Waamshe wakubwa, apelekwe zahanati au kituo cha afya, apimwe kwanza. Mtoto mdogo asicheleweshwe.

Daftari lako lina kazi gani basi? Ni la kukusaidia kuuliza. Nenda nalo kwa mhudumu wa afya au mwalimu wa baiolojia, useme: "Nilisoma hivi, iliandikwa mwaka fulani. Bado ni kweli?" Mwenye kuuliza hivyo hadanganywi kirahisi, wala hamdanganyi mwenzake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu ya afya nayo ni mali. Usingoje likizo ijayo. Chukua daftari leo, na uanze na ukurasa wa mwisho unaoukumbuka. Uliandikwa lini?