Polikaboneti Bila Gesi ya Vita

Polikaboneti imetuzunguka kuliko wengi wanavyodhani. Ndiyo plastiki ya lenzi za miwani, ya vifuniko vya taa za mbele za magari, ya karatasi angavu za kuezekea mabaraza, ya diski za muziki zilizowahi kuuzwa kila kona, na ya nyingi kati ya zile chupa kubwa za maji zinazopinduliwa juu ya dispensa maofisini. Hupitisha mwanga vizuri, ukiigonga kwa nyundo haipasuki, na hailainiki mpaka joto likaribie nyuzi 150 za Selsiasi. Sifa hizo wauzaji huzitaja bila kuombwa. Wasichokitaja ni kwamba kwa karibu nusu karne plastiki hii ilitengenezwa kwa kutegemea fosijini, gesi iliyotumika kuua askari kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Je, gesi hiyo ilikuwa ya lazima? Jibu langu ni hapana. Hata hivyo, kuiondoa kiwandani kunatatua tatizo moja tu kati ya mawili, na anayeyachanganya hayo mawili hujikuta akisifu au kulaumu kitu kisicho chenyewe.

Molekuli ya polikaboneti ni mnyororo mrefu wenye viungo vya aina mbili vinavyopishana. Cha kwanza ni bisfenoli A, inayopatikana kwa kuunganisha molekuli mbili za fenoli na moja ya asetoni mbele ya asidi. Cha pili ni kipande kidogo sana, atomu moja ya kaboni iliyoshikwa na oksijeni tatu, na hicho ndicho kaboneti yenyewe. Kazi yote ya mkemia ni kukileta kipande hicho na kukipachika katikati ya bisfenoli mbili. Alfred Einhorn alijaribu jambo la namna hiyo mwaka 1898 huko Munich kwa kutumia fenoli za aina nyingine, lakini zao lake halikupata matumizi. Mwaka 1953 Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric nchini Marekani, walifika kwenye polikaboneti ya bisfenoli A bila kujuana, wakipishana kwa siku chache tu. Kampuni zote mbili zilipoanza kuizalisha kwa wingi, ziliichagua fosijini kuwa mleta-kaboneti.

Uchaguzi huo haukuwa wa kipumbavu. Fosijini, iliyotengenezwa mara ya kwanza na John Davy mwaka 1812 kwa kuangazia jua mchanganyiko wa kaboni monoksaidi na klorini, ina atomu mbili za klorini zilizo tayari kuachia nafasi zao mara fenoli inapojitokeza. Kiwandani, bisfenoli A huyeyushwa katika maji yenye kostiki soda, fosijini huingizwa pamoja na kiyeyushi kiitwacho diklorometheni, na pale maji na kiyeyushi vinapokutana mnyororo hujijenga kwa haraka katika joto la kawaida. Plastiki inayopatikana ni safi na minyororo yake inaweza kuwa mirefu sana. Lakini tazama hesabu ya uzito. Kila tani ya polikaboneti hula takribani kilo 390 za fosijini na kuacha takribani kilo 460 za chumvi, ileile ya jikoni, ikiwa imechanganyika na mabaki ya fenoli na kiyeyushi. Klorini iliyogharimu umeme mwingi kuitenganisha na chumvi inarudi kuwa chumvi, bila hata atomu moja yake kubaki kwenye bidhaa inayouzwa. Na diklorometheni huchemka kwenye nyuzi 40 tu, hivyo kuizuia isitoroke hewani ni kazi ya kila siku.

Watetezi wa njia hiyo wana hoja nzito, na si haki kuipuuza. Wanasema fosijini haisafirishwi barabarani wala kurundikwa kwenye matangi. Huzalishwa papo hapo na kutumika papo hapo, kiasi kilichomo ndani ya mabomba kwa wakati wowote ni kidogo, na viwanda vimeimudu kwa miongo mingi. Ni kweli. Tena maafa ya Bhopal, India, ya Desemba 1984, yanawaunga mkono kwa namna fulani: gesi iliyovuja haikuwa fosijini bali methili isosayaneti, kemikali iliyotengenezwa kwa fosijini kisha ikarundikwa kwa wingi. Kurundika ndiko kulikoua. Lakini hoja hii inathibitisha tu kwamba hatari inaweza kudhibitiwa na mwenye mitambo mizuri, wakaguzi wakali na fedha za matengenezo. Haithibitishi kwamba hatari hiyo inahitajika. Kiwanda ambacho usalama wake unategemea kila vali kufanya kazi kila siku ni duni kuliko kiwanda ambacho gesi hiyo haimo kabisa.

Kwamba inawezekana isiwemo, kumethibitishwa na mtambo uliowashwa nchini Taiwan mwaka 2002 kwa teknolojia ya kampuni ya Kijapani ya Asahi Kasei, wenye uwezo wa tani 50,000 kwa mwaka mwanzoni. Kaboneti yake inatokana na hewa ukaa. Hewa hiyo huunganishwa na ethileni oksaidi kupata ethileni kaboneti. Hiyo humenyuka na methanoli kutoa dimethili kaboneti. Hiyo nayo humenyuka na fenoli kutoa difenili kaboneti. Na mwisho difenili kaboneti huchanganywa na bisfenoli A iliyoyeyuka, bila maji wala kiyeyushi. Methanoli na fenoli zinazotoka hurudishwa mwanzo wa mzunguko. Ukijumlisha yote, vinavyoingia ni vitatu, yaani hewa ukaa, ethileni oksaidi na bisfenoli A. Vinavyotoka ni viwili, polikaboneti na ethileni glaikoli, ambayo ina soko lake katika polyesta na vipozeo vya injini. Chumvi hakuna.

Ugumu mkubwa uko kwenye hatua ya tatu. Fenoli na dimethili kaboneti hazina hamu ya kubadilishana, na methanoli ikibaki karibu mmenyuko hurudi nyuma. Wahandisi wanafanana na mvuvi kwenye mtumbwi unaovuja: wanayakumba maji bila kupumzika, yaani wanaivukiza methanoli ndani ya mnara uleule ambamo mmenyuko unafanyika, ili isipate nafasi ya kurudi. Hatua ya mwisho nayo ina kero yake, kwa sababu plastiki inavyorefuka ndivyo inavyozidi kuwa nzito na fenoli kugoma kutoka. Asahi waliachana na mapanga ya kukorogea, wakaiacha ichuruzike kwa uzito wake yenyewe kwenye nyaya zilizoning'inizwa ndani ya ombwe. Ni uhandisi wa kupendeza, na nadhani hausifiwi inavyostahili.

Sasa pingamizi la upande wa pili. Ethileni oksaidi si maji ya kunywa; ni gesi inayolipuka na inayosababisha saratani. Pia hewa ukaa inayofungwa ni kilo 173 tu kwa tani ya plastiki, kiasi ambacho hakitaokoa hali ya hewa ya dunia. Yote mawili nayakubali. Hewa ukaa ni molekuli iliyotulia mno, na ili iingie kwenye mnyororo lazima mwingine alipe nishati. Zamani ililipa klorini. Sasa inalipa pete iliyokazika ya ethileni oksaidi. Tofauti ni kwamba ethileni oksaidi tayari inazalishwa kwa wingi, na sehemu kubwa yake hugeuzwa kuwa glaikoli hata pasipo polikaboneti. Njia mpya inaipitisha kwenye kazi ya ziada kabla ya kufika ilikokuwa inakwenda, na hewa ukaa yenyewe ni ile inayotoka kwenye mitambo ya ethileni oksaidi. Kwa hiyo hatari imepunguzwa, haikuhamishwa tu. Anayeitangaza njia hii kuwa tiba ya tabianchi, hata hivyo, anatia chumvi.

Linabaki tatizo la pili, nalo linaihusu bisfenoli A. Inafanana vya kutosha na homoni ya estrojeni kuweza kuigiza kazi yake mwilini, na polikaboneti huiachia kidogo kidogo, hasa kwenye joto na sabuni kali. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto wachanga mwaka 2011. Mwaka 2023 mamlaka yake ya usalama wa chakula ilishusha kiwango kinachovumilika kwa takribani mara 20,000, na mwishoni mwa 2024 ikapitishwa sheria ya kuiondoa kwenye vyombo vinavyogusana na chakula. Hapa mtambo wa Taiwan hausaidii chochote, kwa kuwa mnyororo unaotoka ni uleule. Kuna polikaboneti zinazotumia isosobaidi, inayotokana na sukari ya wanga, na Mitsubishi Chemical inauza mojawapo, ila bado hazijaziba pengo la bei na wingi.

Kuondoa fosijini, basi, kunamlinda mfanyakazi na jirani wa kiwanda, hakumlindi anayekunywa. Herufi PC chini ya chupa hazikuambii plastiki hiyo ilipita njia ipi, na kwa maji yaliyomo ndani hakuna tofauti. Mzazi anayeiogopa bisfenoli A asitafute polikaboneti iliyotengenezwa kwa njia safi. Amnunulie mtoto chupa ya kioo au ya polipropileni.