Mtawala, Mvua na Ghala: Fikra za Ukonfusio na Utao Zikitazamwa kutoka Handeni na Korogwe

Mvua inapokosekana na mazao yakaungua shambani, jamii ya wakulima huuliza ni nani anayepaswa kujibu. Katika China ya kale swali hilo lilielekezwa kwa mfalme. Katika milima ya Usambara lilielekezwa kwa Simba Mwene aliyekaa Vugha, na katika nyika za Uzigua kwa mkubwa wa mji mwenye ghala. Makala haya yanaeleza namna fikra za Ukonfusio na Utao zilivyoathiri jamii ya Wachina, kisha yanazilinganisha na fikra za Wasambaa na Wazigua, ambao ni miongoni mwa wenyeji wa Korogwe na Handeni. Ulinganisho huu haudai kwamba upande mmoja ulijifunza kwa mwingine. Kufanana kunakoonekana kunatokana na maisha ya jembe na hofu ya njaa.

Confucius (551–479 KK) aliishi wakati mamlaka ya ukoo wa Zhou yalikuwa yamelegea na watawala wa dola ndogondogo wakipigana wao kwa wao. Mafundisho yake yalisimama juu ya dhana mbili. Ya kwanza ni ren, ambayo kwa Kiswahili neno lililo karibu nayo zaidi ni utu. Herufi yake ya Kichina imeundwa kwa alama ya mtu na alama ya mbili, na msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu kuelewa kwa nini. Dhana ya pili ni li, yaani taratibu za ibada, adabu na mwenendo ambazo kwazo utu hutendwa kila siku. Wafuasi wake walizipanga taratibu hizo katika mahusiano matano: mtawala na mtumishi wake, baba na mwana, mume na mke, mkubwa na mdogo, rafiki na rafiki. Manne kati ya hayo yana ngazi, lakini aliye juu naye ana wajibu kwa aliye chini.

Wajibu huo ndio uliozaa fundisho zito zaidi katika siasa za China, yaani idhini ya Mbingu. Fundisho lenyewe lilimtangulia Confucius. Ukoo wa Zhou ulipoupindua ukoo wa Shang katika karne ya 11 KK, ulidai kwamba Mbingu imewanyang'anya waovu utawala na kuwapa wengine. Mencius, katika karne ya 4 KK, alilisukuma wazo hilo mbele kwa kuwaweka raia juu ya mtawala kwa thamani, na kwa kukataa kumwita mfalme yule aliyewatesa watu wake. Katika enzi ya Han, Dong Zhongshu alifundisha kwamba ukame na mafuriko ni maonyo kwa mtawala. Ndiyo maana wafalme kadhaa wa China walitoa matangazo ya kujilaumu nchi ilipopatwa na maafa.

Fikra hizi zingeweza kubaki maneno ya wazee. Zilichopata China ni ofisi. Kuanzia enzi ya Sui hadi mwaka 1905, aliyetaka cheo serikalini alifanya mitihani iliyotegemea vitabu vya Ukonfusio. Serikali nayo ilijenga maghala ya nafaka: ya kwanza ya namna hiyo yaliwekwa mwaka 54 KK, na katika karne ya 18 utawala wa Qing uliyaeneza nchini kote, ukinunua nafaka iliposhuka bei na kuitoa ilipopanda.

Utao ulikwenda njia nyingine. Kitabu cha Daodejing, kinachohusishwa na Laozi, kinafundisha wu wei, yaani kutenda bila kulazimisha: maji hushuka mahali pa chini, hayashindani, na bado hula jabali. Kwa mtazamo huo, amri zikizidi, vurugu huzidi. Aghalabu msomi wa China alikuwa Mkonfusio ofisini na Mtao aliporudi kwake. Hata hivyo si sahihi kuufanya Utao kuwa falsafa ya wapole tu. Mwaka 184 BK wafuasi wake waliojifunga vilemba vya manjano waliinuka dhidi ya utawala wa Han, wakitangaza kwamba zama mpya zimefika.

Wasambaa waliieleza hali ya nchi yao kwa jozi ya maneno: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990, anaonyesha kwamba maneno hayo yalikuwa kipimo cha kisiasa. Nguvu moja inapotawala, mvua hunyesha na nchi hupona. Inapokuwa nguvu kwa nguvu, wakubwa wakishindana, huja njaa.

Asili ya ufalme wenyewe inafundisha jambo hilo. Katika Habari za Wakilindi, Abdallah bin Hemedi anasimulia kuhusu Mbegha, mwindaji kutoka Unguu, eneo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ndani ya wilaya ya Handeni kabla Kilindi haijawa wilaya. Mbegha alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na ndugu zake wakamnyima urithi. Alipanda Usambara, akawaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa utawala. Mtu aliyekataliwa kwao kwa mkosi wa kuzaliwa alipata uhalali kwa kulinda mashamba na kulisha watu. Mencius angelielewa simulizi hili bila mkalimani.

Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, mfano wa kubana shi ulionekana wazi. Semboja, aliyekaa Mazinde, Korogwe ya leo, alikuwa karibu na njia ya misafara na alipata bunduki. Mjukuu wa Kimweri, Shekulwavu, alikuwa na kiti cha Vugha juu milimani. Vita vikafuata, na watu wakakamatwa na kuuzwa utumwani.

Wazigua hawakuwa na mfalme mmoja. Kwao, kama alivyochunguza James Giblin, usalama ulitegemea wakubwa waliokusanya ushuru na nafaka na kuwalisha waliowategemea wakati wa ukame. Utawala wa Kijerumani ulipowanyang'anya wakubwa hao njia zao za mapato, ghala lilibaki tupu, na njaa za miaka ya 1890 zilikuta watu hawana pa kukimbilia. Katika China kazi hiyo ilikuwa ya serikali. Handeni ilikuwa ya mtu na watu wake, na kwa hiyo ilivunjika upesi zaidi.

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Msomi wa China aliweza kumkosoa mfalme kwa kitabu ambacho mfalme mwenyewe alikisoma. Mkulima wa Usambara alikuwa na usemi tu, na watawala wapya hawakuujua. Katika miaka ya 1940 na 1950 Waingereza waliwalazimisha wakulima wa milima hiyo kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko. Wataalamu walisema wanaiokoa ardhi; wakulima, ambao kazi ya matuta iliwaelemea, waliona nchi inaharibiwa na machifu waliokubali kutekeleza amri hiyo. Upinzani ulikua, na mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ikaliacha shuruti hilo. Mwaka 1963 uchifu nao ukafutwa kisheria nchini Tanganyika, na tangu hapo lawama za ukame Usambara hazina tena mlango wa Vugha wa kupelekwa.