Gari imekosa nguvu? Muanze na mpira, si na turbo

Wana koperative, sisi tulisomea udongo na mbegu, si moteri. Lakini nyanya za Kamanyola zikikwama kwenye mlima wa Ngomo, hazifiki Bukavu zikiwa nzima.

Msimu uliopita gari yetu ndogo ya mazutu ilikosa nguvu pale mlimani: moshi mweusi, na sauti kama filimbi. Fundi mmoja akasema tulete pesa ya turbo mpya. Kumbe mpira unaopeleka hewa toka turbo mpaka kwenye moteri ulipasuka upande wa chini. Hewa ikipungua, mazutu haiungui yote. Ndiyo ule moshi.

Basi muangalie kwanza filtre ya hewa (vumbi yetu munaijua), kisha mupapase mipira yote. Moshi wa bluu ni mambo mengine: mafuta ya moteri yanaungua. Muzime, ipoe, mutoe mpira wa kuingiza hewa, mushike ekseli ya turbo kwa vidole. Kucheza kidogo pembeni si kitu. Mukisikia inaenda mbele na nyuma, ao mapanga yake yanagusa ukuta, turbo imekwisha.

Ekseli hiyo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya mafuta. Mukimaliza kupanda Ngomo musizime palepale. Muache moteri ingurume dakika mbili.