Aliambiwa Achome Vitabu Vyake, Akaamua Bora Aache Kazi: Stori ya Arna Bontemps

Hebu imagini uko na bibi na watoto, uchumi umeanguka dunia nzima, na kazi ya ualimu ndiyo inawalisha. Halafu mdosi anakuita anakwambia vitabu vyako vinaleta shida, kwa hivyo ukitaka watu wakuamini, vichome. Utafanya aje?

Hiyo ngori ilimpata Arna Bontemps huko Huntsville, Alabama, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Arna alikuwa mshairi, mwandishi wa vitabu vya watoto na baadaye mkuu wa maktaba. Wengi wanamjua beshte yake Langston Hughes, lakini jina la Arna halitajwi sana. Leo tunamtaja.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1902 huko Alexandria, Louisiana. Budake alikuwa fundi wa kujenga. Siku moja wazungu wawili walevi walimtisha barabarani, na mzee akaona hapo hapakaliki tena. Arna akiwa na miaka 3 hivi, familia ikahamia Los Angeles, mtaa wa Watts. Mathe yake, aliyekuwa ticha na ndiye alimfanya apende vitabu, alikufa Arna akiwa na miaka 12.

Hapo ndipo vita vya nyumbani vilianza. Kulikuwa na Buddy, ndugu ya shosho yake, msee wa stori. Buddy alikuwa na hadithi za mizimu, vichekesho, misemo ya watu weusi wa kusini na mapenzi ya chupa pia. Arna alimpenda kinoma. Budake naye hakutaka kuskia hizo vitu. Kwake, hiyo ilikuwa mambo ya ushamba na aibu ya zamani. Akampeleka kijana shule ya bweni ya wazungu, na akamwonya asiende huko kujifanya mtu mweusi.

Kama ushawahi kuadhibiwa shuleni ju ya kuongea Sheng ama lugha ya nyumbani, unajua venye hiyo inauma. Unaambiwa kile kitu unakipenda kwenu ndicho kinakurudisha nyuma.

Kitu ingine ilimsumbua. Kila akiingia maktaba akitafuta kitabu chenye watu kama yeye, alikuwa anatoka mikono mitupu, ama anapata vile vyenye watu weusi wamewekwa hapo kuchekwa tu. Hilo pengo lilimkaa kichwani maisha yake yote.

Alimaliza chuo mwaka wa 1923, akafanya kazi posta Los Angeles, halafu mwaka wa 1924 akaenda New York kufunza shule ya kanisa lake pale Harlem. Na Harlem wakati huo ilikuwa imewaka! Waandishi, wanamuziki na wachoraji weusi wote walikuwa wamejazana hapo. Shairi lake likatoka kwenye jarida la The Crisis mwaka huo huo. Mwaka wa 1926 na 1927 akashinda tuzo ya mashairi ya Alexander Pushkin iliyotolewa na jarida la Opportunity. Mwaka wa 1926 pia akaoa Alberta Johnson, na wakaja kuwa na watoto 6.

Lakini wasee, sifa hazilipi rent. Uchumi ulipoanguka, Harlem ikakauka. Mwaka wa 1931, ule mwaka riwaya yake ya kwanza, God Sends Sunday, ilitoka, Arna akahamia Huntsville kufunza shule nyingine ya kanisa. Akiwa huko, yeye na Langston wakatoa Popo and Fifina mwaka wa 1932, kitabu cha watoto wawili wa Haiti. Si watoto wa kuchekwa. Ni watoto wa kawaida, wenye wazazi, kazi na michezo.

Shida ni kwamba Alabama ilikuwa moto. Vijana 9 weusi wa ile kesi ya Scottsboro walikuwa wamesingiziwa ubakaji, na kesi ikaendelea Decatur, karibu tu na Huntsville. Kila mtu mweusi mwenye mawazo yake alishukiwa. Arna alikuwa anapokea wageni kutoka Harlem na kuagiza vitabu kwa posta, vitu ambavyo viliogopesha wakubwa wa shule. Ndipo akaambiwa achome vitabu, vikiwemo vya Frederick Douglass na W.E.B. Du Bois.

Akakataa. Mwaka wa 1934 akaacha mboka, akapakia familia na kurudi Watts, kwa nyumba ya budake. Ndiyo, kwa yule yule mzee aliyekuwa anamwambia asahau hizo stori.

Keja ilijaa hadi hakukuwa na nafasi ya kuweka taipureta. Arna akawa anaandika kwa mkono juu ya cherehani. Hapo ndipo kilitoka Black Thunder, mwaka wa 1936, riwaya kuhusu Gabriel, mtumwa aliyepanga maasi karibu na Richmond, Virginia, mwaka wa 1800. Mvua kubwa ilivuruga mpango, wenzake wakamuuza, na akanyongwa. Kitabu hakikuuza sana wakati huo, lakini leo ndicho kinahesabiwa kuwa riwaya yake bora.

Na hii stori ya Gabriel aliitoa wapi? Akiwa bado Alabama, alikuwa ametembelea chuo cha Fisk huko Nashville, na kwa maktaba yao akakuta masimulizi ya waliokuwa watumwa. Mwaka wa 1943, baada ya kusomea ukutubi Chicago, hiyo maktaba ya Fisk ilimchukua kama mkuu wake. Akakaa zaidi ya miaka 20.

Hiyo kazi hakuifanya kama msee wa kugonga mihuri na kunyamazisha watu. Alikusanya barua na miswada ya waandishi weusi kama Langston Hughes, Jean Toomer na Charles Chesnutt, wakati vyuo vingi havikuwa na haja nayo. Makaratasi ambayo yangeishia kwa takataka yakawekwa salama, na watafiti wakapata pa kuanzia.

Bado aliandika. Story of the Negro, historia ya watu weusi aliyowaandikia vijana, ilitoka 1948, na mwaka uliofuata ikapata heshima ya Newbery. Hakuna Mmarekani mweusi mwingine aliyekuwa ameipata kabla yake. Na cheki hii: yule bingwa wa mashairi wa miaka ya 1920 alipata kitabu chake mwenyewe cha mashairi, Personals, mwaka wa 1963, akiwa na miaka 60!

Arna alikufa tarehe 4 Juni 1973. Nyumba aliyozaliwa pale Alexandria sasa ni makumbusho yenye jina lake.

Sasa wewe, zile stori shosho na guka wanapiga ukienda ocha, kuna mtu anaziandika? Ama tunangoja nani?