i7 mbili, nguvu mbalimbali

Katika maduka ya kompyuta zilizotumika, neno la kumshawishi mteja ni moja: "Bosi, hii ni i7." Wengi wakilisikia hutoa fedha bila kuuliza zaidi. Lakini prosesa ya i7 ya kompyuta mpakato na i7 ya kompyuta ya mezani, hata zikiwa za kampuni moja na mwaka mmoja, zinaweza kutofautiana sana.

Tuchukue mfano wa Intel wa mwaka 2015. Core i7-6600U, iliyowekwa kwenye mipakato mingi ya ofisini, ina viini viwili, yaani sehemu mbili za kuchakata kazi, na imepangiwa umeme wa wati 15. Core i7-6700 ya mezani ina viini vinne na imepangiwa wati 65. Hata Core i5-6500 ya mezani, inayoonekana ya daraja la chini, ina viini vinne. Kwa kazi inayogawanywa kwa viini vyote, kama kuhariri video, i5 hiyo huiacha nyuma i7 ya mpakato.

Chanzo cha tofauti ni joto. Umeme wote unaoingia kwenye prosesa huishia kuwa joto, na ukitaka kasi kubwa zaidi ni lazima upandishe volti pia. Volti ikipanda kidogo, matumizi ya umeme hupanda sana. Kompyuta ya mezani ina nafasi ya bamba kubwa la kupoozea na feni pana. Mpakato una kibomba chembamba cha shaba, feni ndogo, na betri ya kuhurumiwa. Kwa hiyo mtengenezaji huibana prosesa yake mapema.

Hapo ndipo gigahezi zinazotangazwa huwapotosha watu. Kasi ya juu ni ya muda mfupi, mara nyingi kwa kiini kimoja. Kazi nzito ikiendelea na joto likafika kikomo, prosesa hujipunguzia mwendo. Ndiyo maana mpakato unaweza kufungua programu kwa wepesi, kisha ukazidiwa katikati ya video ndefu.

Idadi ya viini nayo isomwe kwa makini. Core i7-1255U ya 2022 ina viini 10, lakini vikubwa ni viwili tu. Vinane vilivyobaki ni vidogo, vya kubana matumizi ya umeme. Core i7-12700 ya mezani, ya kizazi kimoja nayo, ina viini 12, na vinane kati ya hivyo ni vikubwa.

Basi soma jina zima. Kwa prosesa hizi za Intel, herufi U mwishoni ni ya mipakato myepesi, na H ni ya mipakato yenye nguvu, minene zaidi na yenye joto zaidi. Kwa zile za mezani, T ni iliyopunguziwa umeme, na F haina sehemu ya kuonyesha picha, hivyo lazima ununue kadi ya picha. Tarakimu za mwanzo baada ya kistari hutaja kizazi: 6600U ni cha sita, 1255U ni cha 12.

Kizazi kina umuhimu wake. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, isipokuwa kwa prosesa chache, inataka Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Kizazi hicho ndicho pia kilichozipa i5 na i7 za U viini vinne, kama i5-8250U.

Mpakato una heri yake: hula umeme kidogo, na umeme ukikatika betri huokoa kazi. Lakini prosesa yake siku hizi huwa imelehemewa kwenye bodi kuu, huwezi kuibadilisha. Ya mezani hukaa kwenye soketi, nawe unaweza kuipandisha daraja baadaye, mradi bodi iikubali.

Kama kazi yako ni nzito na inafanyika mahali pamoja, nunua ya mezani na utenge fedha za UPS, ili umeme ukikatika usipoteze kazi. Kama unahamahama na kazi ni barua na mahesabu, U ya kizazi cha nane au zaidi inatosha; kwa video, tafuta H. Na kabla ya kuuliza bei, mwombe muuzaji akuonyeshe jina kamili la prosesa kwenye skrini.