Daniel Kaluuya: Mtundu wa Darasani Aliyetua na Oscar

Kama umewahi kukaa Lufingo mwezi wa nne, unajua hadithi: mvua ikishaanza mchana hakuna cha kutoka tena. Jioni hiyo tulikuwa wanne sebuleni kwa shosti yangu mmoja, mwalimu, ambaye mume wake anafanya kazi ng'ambo ya boda, Malawi. Chai ya rangi mezani, ndizi za kuchoma, laptop juu ya stuli. Filamu: Get Out.

Ikafika ile sehemu. Mama mkwe mtarajiwa amekaa kwenye kiti, anakoroga chai kwa kijiko, taratibu, kijiko kinalia kwenye kikombe. Kijana aliye mbele yake hawezi kunyanyua hata kidole. Macho yamemtoka, chozi linashuka. Sebule nzima kimya. Shemeji mmoja akasukuma kikombe chake pembeni: "Mimi chai basi." Na hii ni Rungwe, ambako mashamba ya chai yapo kila ukigeuka! Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

"Huyu Mmarekani anajua," akasema mwenyeji wetu.

Hapo nikamkatiza. Si Mmarekani, shosti. Ni Mwingereza, mzaliwa wa London, na wazazi wake ni Waganda. Anaitwa Daniel Kaluuya, alizaliwa Februari 24, 1989, akakulia Camden, kaskazini mwa London, kwenye nyumba za kupanga za manispaa. Mama ndiye aliyemlea, yeye na dada yake mkubwa. Baba alikuwa akiishi Malawi, na kwa sababu ya masharti ya viza ya Uingereza ilikuwa nadra kwenda kuwaona.

Nilipotaja Malawi, shosti akaacha ndizi yake mkononi.

Maana kwetu Malawi ni pale tu. Unashuka Kyela, unafika Kasumulu, unavuka Mto Songwe. Wapo watu wana ndugu pande zote mbili na misiba wanazika huku na huku. Hata hivyo, yule baba wa nyumba hii huja mara moja kwa miezi kadhaa, na akija mtoto anamwamkia kama mgeni. Sasa piga hesabu ya mtoto wa Camden.

Na mtoto mwenyewe hakuwa mpole. Alikuwa na nguvu kupita kiasi darasani, kiasi kwamba mwalimu wake wa shule ya msingi alimshauri mama ampeleke kwenye maigizo, akazimalizie huko. Mama akasikiliza. Akiwa na miaka tisa tu, Daniel aliandika mchezo wake wa kwanza, ukaigizwa Hampstead Theatre. Baadaye akaingia kwenye mafunzo ya kuigiza bila maandishi, yale ya kupewa hali fulani na kuambiwa: haya, ishi.

Shosti akanyamaza kidogo. Mwanaye yuko darasa la nne, na wiki hiyohiyo alikuwa ameitwa shuleni kuambiwa mtoto hatulii. Ushauri aliopewa yeye ulikuwa fimbo.

Tuendelee. Mwaka 2007 Daniel alionekana kwenye tamthilia ya vijana, Skins, na siyo kuigiza tu, alikuwa pia miongoni mwa waandishi wake, akiwa na miaka kama 18. Mwaka 2010 akapanda jukwaa la Royal Court na mchezo wa Roy Williams, Sucker Punch, unaohusu mabondia vijana weusi wa London ya miaka ya themanini. Hapo wakubwa wa tamthilia wakageuza shingo: tuzo ya Evening Standard kwa mwigizaji chipukizi, na ya wahakiki pia. Mwaka uliofuata akacheza kipindi kimoja cha Black Mirror.

Ungedhani mambo yalinyooka. Wapi! Kazi alizozitaka hazikuja, na kwa rangi yake milango mingi ilibaki imefungwa. Akaacha kuigiza kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Hiki ndicho kipande ambacho magazeti ya mastaa hupenda kukiruka, sijui kwa nini, kwa sababu kwangu ndicho kitamu kuliko vyote. Kijana ana tuzo kabatini, na yuko nyumbani.

Kilichomtoa ni ile kazi ya zamani. Jordan Peele, mwongozaji Mmarekani, aliiona Black Mirror, akamtafuta. Peele amesimulia kwamba kwenye majaribio Daniel alirudia ile sehemu ya kulia mara kadhaa, na kila mara chozi lilishuka palepale. Get Out ikatoka 2017. Iligharimu takribani dola milioni 4.5, ikaingiza zaidi ya milioni 250 duniani kote. Mwaka 2018 akateuliwa kuwania Oscar, na mwaka huohuo akaonekana ndani ya Black Panther kama W'Kabi, yule bwana ambaye mpenzi wake Okoye anamwelekezea mkuki vitani na kuichagua nchi. (Akina kaka, mlinyamaza sana sehemu ile.)

Kisha ikaja Judas and the Black Messiah. Humo ni Fred Hampton, kiongozi wa Black Panther wa Chicago aliyeuawa na polisi Desemba 4, 1969 akiwa na miaka 21. Aprili 2021 Oscar ya mwigizaji msaidizi ikaenda kwake.

Na jukwaani akafanya nini? Akamshukuru Mungu, akamshukuru mama kwa kumpa kila alichokuwa nacho. Halafu, katika kusherehekea uhai, akasema mama na baba walifanya mapenzi, na ndiyo maana yeye yuko hapa. Mbele ya dunia nzima! Kamera ikaruka London, ambako mama na dada walikuwa wakifuatilia. Mama uso umeganda, anauliza huyu anasema nini. Dada kashika kichwa. Daniel baadaye alisema ataikwepa simu yake kwa muda.

Nikamwonyesha shosti kile kipande. Akakirudia mara tatu, machozi ya kicheko yanamtoka. Mara ya nne akachukua simu, akaenda chumbani kumpigia mzee wa Malawi, na tukamsikia akianza na habari za mtoto.